Muulize Fundi: Kisanduku Kinachoongea na Kelele Zake

Mwezi huu nimeziweka kando barua za inverta na betri. Zilizojaa ni za watu wanaotengeneza visanduku vya kupiga na kupokea simu kwa kutumia moduli za modemu, zile bodi ndogo zinazovaa laini na kufuata amri za AT, yaani amri za maandishi zinazoanza na herufi hizo. Ujumbe mfupi wote wameweza kuutuma. Sauti ndiyo inayowatoa jasho. Nimefurahi kuona hivyo, maana kifaa kinachoongea kinamfikia hata asiyejua kusoma, na huyo ndiye mara nyingi anayekihitaji zaidi.

Shikamoo Mama Fundi. Nipo Morogoro. Nimetengeneza kisanduku cha nyumba ya pampu ya kikundi chetu cha umwagiliaji: moduli ya SIM800L, maiki yenye waya mrefu, amplifaya ya PAM8403 na spika, ili mlinzi aongee bila kushika simu. Kila simu ikiunganishwa spika inanguruma "trrrrr", na upande wa pili wanasikia mngurumo uleule. Nimeshabadilisha amplifaya, hakuna nafuu. Nibadilishe moduli?

Marahaba mwanangu. Moduli iache, na amplifaya nyingine usinunue.

Mngurumo huo unajulikana unakotoka. Simu ya 2G haitoi mawimbi mfululizo. Muda umekatwa vipande: fremu moja ina milisekunde 4.615, ndani yake mna nafasi 8, na moduli yako imepewa moja tu. Inafyatua mawimbi kwa mikrosekunde 577, inanyamaza, inasubiri zamu irudi, na zamu inarudi kama mara 217 kwa sekunde. Hezi 217 ni sauti ambayo sikio la mtu linaisikia vizuri kabisa. Ndiyo ileile iliyokuwa ikitoka redioni ukiweka simu karibu yake, muda mfupi kabla simu haijaita. Kwenye masafa ya megahezi 900, moduli ikiwa mbali na mnara hufyatua hadi wati 2, na kila mfyatuo unaweza kuvuta umeme wa ampea 2 kwa kitambo hicho kidogo.

Kwa hiyo kelele ina milango miwili. Wa kwanza ni hewani: waya wa maiki unadaka mawimbi, na transista ndogo iliyomo ndani ya maiki inayageuza kuwa sauti. Wa pili ni waya za umeme na graundi: volti inashuka kila moduli inapovuta, na amplifaya inayokula kwenye waya huohuo inakuza mshuko huo pamoja na maneno. Kila mlango una dawa yake, na fedha nyingi hupotea kwa kutibu mlango ambao haukuwa wazi.

Anza kwa kupima. Chomoa waya wa maiki palepale kwenye bodi, pini za MIC+ na MIC- zibaki tupu, kisha piga simu. Kama mngurumo umekatika kwa yule wa upande wa pili, uliingilia kwenye waya wa maiki. Kama bado upo, unatoka kwenye umeme au kwenye bodi yenyewe. Halafu upande wako: ilishe amplifaya kwa betri yake peke yake, ibaki imeungana na moduli kwa waya wa sauti na graundi moja tu. Spika ikitulia, kosa ni la umeme mnaogawana.

Waya wa maiki unatibika hivi. Ufupishe kadiri nyumba ya pampu inavyoruhusu. Tumia waya wenye ngao, au angalau suka nyaya mbili pamoja, na ngao iungwe na graundi upande wa moduli tu, ule mwingine ubaki wazi. Kisha chomea kapasita mbili za kauri palepale mgongoni mwa maiki, kutoka mguu mmoja hadi mwingine: moja ya pikofaradi 33, nyingine ya pikofaradi 10. Ile ya 33 inayameza mawimbi ya masafa ya 900, ya 10 inashughulika na 1800. Ukiziweka kwenye bodi, mwisho wa waya wa mita moja, hazina kazi, kwa sababu mawimbi yatakuwa yameshaingia kwenye transista na kugeuka sauti. Mgongoni mwa maiki, milimita chache tu kutoka kwenye miguu yake, hapo ndipo mahali pake.

Upande wa umeme, SIM800L inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 au zaidi karibu kabisa na pini ya VCC inayoingiza umeme, na ndogo ya kauri ya nanofaradi 100 ubavuni mwake. Waya wa kuleta umeme uwe mnene na mfupi. Nyembamba zile za majaribio, ambazo vijana wote mnazipenda kwa rangi zake, zinaangusha volti pale pale moduli inapovuta. Graundi ya amplifaya na ya moduli zikutane sehemu moja tu, kwenye chanzo cha umeme.

Sasa kuna jambo ambalo nalishuku ingawa hukulitaja. Pini ya spika, SPK-, umeiunga wapi? Wengi huiunga na graundi, wakidhani kila chenye alama ya kutoa ni graundi. Siyo. SPK+ na SPK- zote mbili zinatoa sauti, moja ikipanda nyingine inashuka, na ukiichomea SPK- kwenye graundi unaibana nusu ya mtoaji wa sauti. Peleka SPK+ kwenye ingizo la PAM8403 kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1, na SPK- iache bila kuungwa. Sauti itapungua kidogo, utaipandisha kwa AT+CLVL. Na matokeo ya PAM8403 yenyewe nayo yasiguse graundi hata mguu mmoja, yaende kwenye spika tu.

Mwisho, toa antena nje ya hiyo nyumba. Tuma AT+CSQ usome namba ya kwanza. Ukiwa na 10, mawimbi yanakufikia kwa takribani dBm -93. Ukifika 20 ni -73, yaani yana nguvu zaidi. Nyumba za pampu zina mabati na ziko bondeni, namba huwa ndogo, na moduli inapousikia mnara kwa shida mtandao huiamuru ipaze nguvu. Antena ikiwa juu ya mlingoti, mbali na maiki, mtandao unaishushia nguvu na mngurumo unapungua kabla hujagusa kitu kingine chochote. Mimi ningeanza na hilo.

Habari Fundi. Nahudumia lifti Mombasa. Tumeweka intakomu ya dharura yenye moduli ya simu ndani ya kibanda cha lifti. Mlinzi anayepokea simu analalamika kwamba anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. Aliye ndani ya lifti hana shida yoyote. Simu ya mlinzi nimeibadilisha bila mafanikio.

Simu ya mlinzi haina kosa. Anayesikia mwangwi ni mwathirika. Kosa liko upande wa pili. Maneno ya mlinzi yanatoka kwenye spika ya lifti, yanaingia kwenye maiki ya lifti, yanarudi kwake. Kila ukisikia malalamiko ya mwangwi, nenda kafungue kifaa cha yule asiyelalamika.

Moduli ina programu ndani yake ya kufuta mwangwi. Inalinganisha kile ilichokipeleka kwenye spika na kile kilichoingia kwenye maiki, inajifunza uhusiano wake, inaukata. Kazi hiyo inawezekana tu kama kinachotoka spikani kinafanana na kile ilichokituma. Ukifunga amplifaya ya nje na kuipandisha mpaka sauti inapasuka, kinachoingia kwenye maiki si kile moduli inachokijua, na hesabu yote inaharibika. Hapo utabadilisha namba za AT+ECHO mpaka usiku, hutapata kitu.

Basi ishushe amplifaya mpaka sauti iwe safi hata mlinzi akipiga kelele, kisha usiiguse tena. Kupandisha na kushusha kufanyike kwa AT+CLVL. Punguza nguvu ya maiki kwa AT+CMIC. Mtu aliyenaswa kwenye lifti anasimama karibu na kidude hicho, hahitaji maiki inayosikia mpaka ghorofa ya chini. Itenganishe maiki na spika kadiri bamba linavyoruhusu.

Halafu fungua kisanduku chenyewe, kwa sababu mwangwi mwingi haupiti hewani ndani ya lifti, unapita ndani ya boksi lako. Spika ina mgongo, na mgongo unatoa sauti sawa na uso. Kama maiki inaning'inia kwenye waya nyuma ya bamba, inasikiliza mgongo wa spika kutwa nzima. Ivishe maiki mpira laini unaoibana vizuri, tundu lake la mbele tu ndilo ligusane na tundu la bamba, pasiwe na upenyo wa hewa. Mgongo wa spika uzibe kwa kikombe na sponji. Kazi hii ya mpira na sponji ni ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila anayeniandikia.

Kwa kuwa ni lifti nitasema na hili. Kibanda cha chuma kinazuia mawimbi, kwa hiyo moduli au antena yake ikae juu kwenye chumba cha mashine, na sauti ndiyo ishushwe kwa waya wenye ngao. Betri iwepo na ipimwe, kwa sababu watu hunaswa hasa umeme unapokatika. Kanuni ya Ulaya ya EN 81-28 inahusu hasa simu hizi za dharura za lifti. Itafute uisome hata kama hakuna anayekulazimisha. Aliye mle ndani gizani, sauti ya mtu ndiyo kitu pekee ulichomwachia.

Mama, mimi ni mwanafunzi Nairobi. Nimehama kutoka SIM800L kwenda EC25 ya Quectel na sioni pini za maiki wala spika. Kuna PCM_CLK, PCM_SYNC, PCM_IN na PCM_OUT. Je, nimeuziwa yenye kasoro?

Hapana. Umenunua moduli inayotoa sauti ikiwa bado ni namba. Kwenye SIM800L kazi ya kugeuza sauti kuwa namba, na namba kuwa sauti, imefanywa ndani. Kwenye EC25 umeachiwa wewe uifanye kwa chipu ya kodeki.

Waya zenyewe ni nne. PCM_OUT inapeleka sauti ya mpigaji kwenye kodeki, PCM_IN inaleta sauti ya maiki yako. PCM_CLK inapiga mapigo, na kila pigo linapitisha biti moja. PCM_SYNC ni kama karani anayesimama kwenye mlango wa ghala: kila gunia jipya likianza anapaza sauti, ili mpokeaji asichanganye mwisho wa hili na mwanzo wa lile. EC25 ikianza kama ilivyotoka kiwandani, SYNC inapiga mara 8,000 kwa sekunde na CLK kilohezi 2,048. Gawanya upate mapigo 256 kati ya SYNC mbili. Sauti yako inachukua 16 tu kati ya hayo, yaliyobaki yanapita matupu. Ukiweka osiloskopu wakati wa simu ukayaona hayo, moduli ni nzima na shida yoyote itakayobaki iko kwenye kodeki.

Kodeki ambayo EC25 inaielewa bila wewe kuandika kitu ni ALC5616. Moduli inaipangia mipangilio yake yenyewe kupitia I2C, njia ya waya mbili ambayo chipu huwasiliana nayo. Ukichukua nyingine, huenda ukalazimika kuipanga kwa mikono yako. Hakikisha kodeki yako inakubali mtindo wa SYNC fupi, kwa maana nyingine zinajua mtindo tofauti uitwao I2S tu, na ukilazimisha utasikia mkwaruzo mkali wenye maneno kwa mbali. Mkwaruzo wa namna hiyo maana yake biti zimehama nafasi, wala si kelele ya umeme. Amri ya AT+QDAI ndiyo ya kubadilisha mpangilio.

Na tafadhali sana: pini hizo ni za volti 1.8. Usizipachike moja kwa moja kwenye bodi ya volti 3.3. Weka kigeuza volti katikati, kile cha kasi, maana cha transista mbili na rezista hakitamudu megahezi 2.

Kama kisanduku chako kina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ndani yake, huenda huhitaji kodeki kabisa. EC25 inaweza kupitisha sauti ya simu kwenye USB, ikaonekana kwenye Linux kama kadi ya sauti. Amri ni AT+QPCMV. Kwa mradi wa chuo ningekwenda njia hiyo. Kwa kifaa kitakachokaa juani miaka mingi ningebaki na kodeki, vitu vya kuharibika ni vichache.

Assalaam alaykum Bi Fundi. Tuko Pemba. Tuna kikundi cha wavuvi, na wazee wengi hawasomi ujumbe. Tunataka kisanduku kiwapigie alfajiri, wakipokea wasikie maneno yaliyorekodiwa kuhusu hali ya bahari. Vipi tutayaingiza maneno ndani ya simu?

Waalaykum salaam. Barua hii nimeipenda kuliko zote.

Mkitumia moduli ya 4G kama SIM7600 kuna amri ya AT+CCMXPLAY. Faili la sauti linakaa ndani ya moduli, nanyi mnachagua lisikike wapi: namba 0 ni kwenye spika yenu, namba 1 ni kwenye sikio la aliyepigiwa. Hapo hakuna waya wa sauti hata mmoja, na hakuna kelele ya kuingia.

Mkibaki na SIM800L, chukueni kicheza sauti kidogo cha DFPlayer Mini, mtoe sauti kwenye pini zake za DAC, si za spika, mwingize kwenye MIC+. Lakini msiunge moja kwa moja. DAC inatoa sauti iliyo kubwa mara nyingi kuliko kile kijisauti cha milivolti ambacho pini ya maiki inakitarajia. Wekeni rezista ya kiloomu 10 njiani, kisha ya omu 100 kushuka graundi, sauti itapungua takribani mara 100. Baada ya hapo kapasita ya mikrofaradi 1 kabla ya MIC+, na nyingine kutoka MIC- kwenda graundi, kwa sababu pini hizo zina volti ya kuilisha maiki na haifai irudi kwenye kicheza sauti.

Kuhusu kurekodi: simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na programu zake za kubana sauti zimeundwa kwa ajili ya koo la mtu. Kaswida au ngoma ya kufungulia itatoka imekwaruzika, iacheni. Atafutwe mtu mwenye sauti kavu, aongee karibu na maiki ndani ya chumba chenye mapazia, polepole, na jina la upepo litajwe mara mbili. Mwanzoni pawe na sekunde mbili za ukimya, mzee apate kuifikisha simu sikioni. Na wavuvi wenyewe waulizwe kwanza kama wanataka kupigiwa alfajiri. Anayekubali aandikwe, asiyetaka aachwe alale.

Mama Fundi, naishi Columbus, Ohio, pamoja na mama yangu mzazi. Nataka kumtengenezea kitufe cha kunipigia akipata shida. Ndugu yangu amenitumia SIM800L kutoka nyumbani lakini haishiki mtandao.

Haitashika. Kampuni ya simu ya AT&T ilizima 2G kuanzia 2017, na 3G ikafuata Februari 2022. Nyumbani 2G bado ipo, ndiyo maana huku bado tunazitumia.

Kwenye 4G hakuna njia maalumu ya sauti kama ya zamani. Sauti husafiri kama pakiti za data, na hiyo ndiyo VoLTE. Tafuta moduli yenye VoLTE na masafa ya huko: katika jamii ya SIM7600 ni ile yenye herufi A au G baada ya 7600, ya E ni ya kwingine. Kisha uulize kampuni ya simu kama inairuhusu moduli hiyo kupiga simu za sauti. Intaneti kufanya kazi si ushahidi. Moduli inaweza kufungua tovuti vizuri, na ukituma ATD ikajibu NO CARRIER. Hakikisha pia umeweka nukta mkato mwisho wa namba, kwa kuwa bila hiyo moduli inadhani ni simu ya data. Na usidanganywe na zile za NB-IoT, za kutuma data kidogo kidogo, zenye bei ya kuvutia, hazibebi sauti kabisa.

Faida utakayoipata ni usikivu. VoLTE ikitumia AMR-WB, namna ya kubana sauti pana, hupitisha kuanzia hezi 50 hadi 7,000, na mzee mwenye masikio mazito anaona tofauti, hasa kwenye "s" na "f". Kodeki yako iwe inaweza kilohezi 16. Wakati wa majaribio weka namba yako mwenyewe, usiweke 911.

Nipo Mwanza. Kila kitu kinafanya kazi, nawasikia, ila wao hawanisikii hata kidogo.

Maiki umeigeuza. Itoe, iangalie mgongoni kwa mwanga mzuri. Utaona nusu mbili zilizochomewa miguu, na kutoka kwenye nusu moja kuna vijinjia vyembamba vya shaba vinavyofika mpaka kwenye ganda la chuma. Hiyo ndiyo hasi, inakwenda MIC-. Nyingine ni MIC+. Usipashe moto zaidi ya sekunde mbili, ngozi ya ndani inayeyuka upesi. Ukishaigeuza na bado hawakusikii, pima volti kati ya miguu miwili wakati simu imeunganishwa: ukipata sifuri, waya umekatika kabla ya kufika kwenye maiki.